Baridi ikikuzidi Ulaya, kimbilia jumba la vioo
Nyie wa Tanga mnaokwenda kusoma Uingereza, baridi ya Januari ikiwazidi nendeni Kew Gardens, bustani kubwa ya mimea pale London, muingie Palm House, jumba la vioo la tangu 1848, mle ndani migomba, mikakao, joto na unyevu utadhani upo Raskazone mwezi wa tatu. Ila ukiingia tu miwani na kamera vinafunga ukungu, usisugue na shati, viache vizoee kwanza ndo upige picha. Koti lako zito livue mapema na ndani vaa fulana nyepesi, maana ukitoka na jasho nje baridi itakukomesha. Na vile viua vya zambarau wazungu wanavyopanda dirishani, Saintpaulia, asili yake Usambara kwetu, vilipelekwa Ujerumani miaka ya 1890, sisi wala hatuna habari navyo.