Namna ya kuandika chaguo-msingi ili mtumiaji asibahatishe

Mtumiaji mmoja wa programu huria ninayosaidia kuitunza aliandika kwamba picha zake zinakataliwa na seva inarudisha kosa namba 413 (ombi ni kubwa mno). Tulikagua msimbo wetu siku mbili. Kumbe mbele ya programu kulikuwa na nginx, seva ya wavuti inayopokea maombi kwanza, ambayo usipoiambia kitu hukataa ombi lenye mwili (data inayotumwa) unaozidi megabaiti 1. Wenyewe nginx wameliandika hilo waziwazi chini ya `client_max_body_size`. Sisi ndio hatukumwonya mtu popote. Tangu hapo, ninapoandika chaguo-msingi, yaani thamani ambayo programu hutumia mtu asipoweka chochote, nafuata utaratibu huu.

1. Toa thamani kwenye msimbo, usitegemee kumbukumbu. Pitia kila mahali programu inaposoma faili la mipangilio au vigezo vya mazingira, uandike inachotumia mtu asipoweka chochote. Usinakili kutoka faili la mfano, maana lililomo humo linaweza kuwa pendekezo tu. Faili la mfano la PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata, limefanya vizuri hapa: linaeleza juu kabisa kwamba mistari iliyozimwa kwa alama ya # inaonyesha chaguo-msingi.

2. Kila mpangilio upe maelezo kamili. Kwetu yanakaa hivi:

```
ukubwa_wa_picha
Chaguo-msingi: 10
Kipimo: megabaiti
Ukiweka 0: hakuna kikomo
Huanza kutumika: baada ya kuwasha seva upya
Angalia pia: kikomo cha seva iliyo mbele, mf. nginx
```

Usiruke kipimo hata kama kwako kinajulikana. Katika PostgreSQL, `work_mem = 128` bila kipimo ni kilobaiti 128, lakini `shared_buffers = 128` ni bloku 128 za kilobaiti 8, yaani megabaiti 1. Namba ni ileile, faili ni lilelile.

Sifuri nayo inasumbua kuliko watu wanavyodhani. `statement_timeout` ikiwa 0, kikomo cha muda kimezimwa. `log_min_duration_statement` ikiwa 0, kila amri ya SQL inaandikwa kwenye logi pamoja na muda wake, na diski inaweza kujaa. Kuizima unaweka -1. Mtu aliyezoea ya kwanza atakosea kwenye ya pili, na hana kosa. Kwa hiyo andika maana ya sifuri kila mara, na ya -1 kama ipo.

3. Taja sababu, hasa pale usalama unapohusika. Redis, hifadhidata nyingine, tangu toleo la 3.2 huja na `protected-mode` ikiwa imewashwa: kama hujaweka nenosiri, hukataa wageni wa nje ya mashine. Asiyeelezwa sababu ataizima mara tu inapomzuia, na hifadhidata itabaki wazi kwenye intaneti. Mwanzoni mwa 2017 hifadhidata nyingi za MongoDB zilizoachwa wazi namna hiyo zilifutwa na wahalifu wakadai fidia. Sentensi moja ya sababu inatosha.

4. Chaguo-msingi ikibadilika, itangaze juu ya orodha ya mabadiliko. Andika ya zamani, mpya, na toleo. PostgreSQL 14 ilipohamisha `password_encryption`, njia ya kuhifadhi nenosiri kwa siri, kutoka `md5` kwenda `scram-sha-256`, programu za zamani zisizoijua njia mpya zilihitaji onyo hilo kabla ya kusasishwa.

5. Acha mashine ilinde ukurasa wako. Tumeandika jaribio dogo linalosoma jedwali la mwongozo na kulilinganisha na msimbo. Zikitofautiana, badiliko halipokelewi. Mradi ukiwa mkubwa, zalisha jedwali moja kwa moja kutoka kwenye msimbo. Mpe mtumiaji pia njia ya kuiuliza programu yenyewe, kama hii ya PostgreSQL:

```
SELECT name, setting, unit, boot_val FROM pg_settings;
```

Safu ya `boot_val` ndiyo thamani iliyomo ndani ya programu, na `setting` ndiyo inayotumika sasa. Mtu akileta tatizo, mwombe matokeo ya amri ya namna hiyo kabla ya kuomba faili lake la mipangilio.