Kijiti ukingoni mwa korongo

Kwa kikundi kinachopanda milima ya Kiboriani, kule Mpwapwa, kwa mara ya kwanza msimu huu wa mvua: mkikuta korongo lina maji, chomekeni kijiti pale maji yanapoishia, kisha subirini dakika kumi huku mkihesabiana. Maji yakikipita kijiti, yanapanda. Msivuke, hata aliyetangulia akiwaita. Yakikiacha pakavu, yanashuka, basi mwenye fimbo apime kina. Yakizidi magoti, ngojeni tena. Macho hudanganya, maana maji ya tope hayaonyeshi kitu. Kijiti hakisaidii kama juu mlimani kuna wingu zito au ngurumo: makorongo yetu hujaa ghafla, hata kama mliposimama jua linawaka. Hapo ondokeni bondeni, pandeni mwinuko. Na usiku msivuke, tafadhali.