Kutenga seli za kinga kwenye damu ya mgonjwa wa saratani

Toa damu kabla ya dozi ya kwanza ya pembrolizumab, dawa inayoamsha kinga dhidi ya saratani. Ukichelewa, huna cha kulinganisha na sampuli za baadaye. Tumia chupa yenye heparini (kizuia damu kuganda), uishughulikie ndani ya saa 8.

Changanya damu na PBS (maji ya chumvi yenye bafa) nusu kwa nusu, kisha iteremshe taratibu juu ya Ficoll (kimiminika kizito kinachotenganisha seli), mrija ukiwa umeinamishwa. Zungusha kwenye mashine ya sentrifuji kwa 400 g (mara 400 ya nguvu ya uvutano), dakika 30, nyuzi 20 za Selsiasi, breki ya mashine imezimwa. Hapa ndipo wengi huharibu: breki ikishika, ule utando mweupe wenye seli za kinga, chini ya plazma (sehemu ya maji ya damu), hutawanyika. Nyonya utando huo kwa pipeti, osha seli mara mbili, hesabu seli hai.

Gandisha seli kwenye seramu yenye DMSO (kemikali inayolinda seli zisiharibiwe na barafu) asilimia 10, joto likishuka nyuzi 1 kwa dakika. Ukiharakisha, seli T (aina ya seli za kinga) nyingi hufa.