Somo: Namna ya kuongea na mnara wa kuongozea ndege mkaelewana

Wakuu, somo hili ni kwa vijana wanaoanza kurusha ndege ndogo hapa Dar. Pale Uwanja wa Julius Nyerere vindege vya kwenda Zanzibar vinapishana na madege makubwa, na wote mko kwenye masafa mamoja.

Hatua ya 1: Sikiliza kwanza, ndipo ubonyeze kitufe. Redio ya anga si simu. Wawili wakibonyeza kwa pamoja, sauti zinafunikana. Uwanjani kwenye kisiwa cha Tenerife, Hispania, tarehe 27 Machi 1977, kulikuwa na ukungu. Mwongoza ndege akawaambia marubani wa ndege ya KLM wasubiri, na sekunde ileile wale wa ndege ya Pan Am wakasema bado wako kwenye njia ya kurukia. KLM wakasikia "OK", yaliyofuata yakavurugwa na mluzi, wakaendelea kuruka wakawagonga Pan Am. Walikufa watu 583. Siku hizi neno "takeoff" linatamkwa tu wakati wa kutoa ruhusa ya kuruka au kuifuta. Kwingine ni "departure".

Hatua ya 2: Rudia maelekezo yote. Hapa ndipo ninapowabana wanafunzi wangu. Mmoja tulikuwa tunatembea ardhini, mnara ukamwambia asimame kabla ya njia ya kurukia namba 05. Akajibu "roger". Mnara ukarudia, naye "roger" tena, kalamu inamtetemeka juu ya goti. Nilikanyaga breki mimi. "Roger" maana yake nimekusikia, haionyeshi umesikia nini! Namba ya njia, kimo, uelekeo, namba ya transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege yako kwenye rada): vyote virudishe kwa sauti pamoja na jina la ndege yako, maana ndege zinazoitwa 471 na 417 zikiwa hewani pamoja, mmoja anaweza kubeba ruhusa ya mwenzake.

Hatua ya 3: Chunga tarakimu. Mwaka 1989, karibu na Subang, Malaysia, ndege ya mizigo iliambiwa ishuke "two four zero zero". Marubani wakaelewa "to four zero zero", wakashuka kuelekea futi 400 badala ya 2,400. Wakagonga kilima, wote wanne wakafa. Hapo sema "two thousand four hundred". Na ukiwa na shaka hata chembe, uliza.

MASWALI

Swali: Mwalimu, rubani Mtanzania na mwongoza ndege Mtanzania, kwa nini wasiongee Kiswahili?

Jibu: Ndugu yangu, kuna wa tatu anayesikiliza. Rubani wa Ethiopia anayekuja kutua anahitaji kujua wewe uko wapi, na anajua kwa kukusikia.

Swali: Nikiuliza mara mbili si wataniona sijui kazi?

Jibu: Hapana, dada. Mwongoza ndege anaogopa zaidi rubani anayekubali kila kitu.

Swali: Redio ikifa kabisa je?

Jibu: Weka 7600 kwenye transponda, kisha tazama mnara. Ukiwa angani, taa ya kijani isiyomweka ni ruhusa ya kutua. Nyekundu isiyomweka, pisha wengine na uendelee kuzunguka.