Jinsi ya kupanga njia poa ya baiskeli ndani ya Kisumu

Kisumu ni mji wa baiskeli kabisa. Kabla piki za boda zijae, abiria hapa walibebwa kwa keria ya baiskeli iliyowekewa mto, na mpaka leo asubuhi pale Kondele utaona watu wakishuka mjini na magunia ya mkaa, mikate, kreti za soda, yote kwa nguvu ya miguu. Mji wenyewe hauna mlima wa kutisha, unateremka polepole kuelekea ziwani, hewa iko. Shida ni kwamba mtu akinunua baiskeli anaanza kupita njia ileile aliyozoea akiwa ndani ya matatu, anakula moshi na honi, alafu anasema baiskeli mjini haiwezekani. Njia ya matatu ilipangwa kwa ajili ya abiria na steji, yako lazima uipange mwenyewe, na ukiipanga vizuri utashangaa vile mji ule ule umekuwa mtamu.

Watu wengi wakipanga huanza na umbali. Mimi nasema anza na mahali utakapovuka. Kwenye barabara iliyonyooka, hata kama ina magari, ukikaa kushoto na uende mwendo wako watu wanakuzoea, lakini hatari iko kwa makutano, na zaidi ya yote pale unapotaka kukata kulia, sababu huku tunaendesha kushoto kwa hivyo kukata kulia maana yake ni kuingia katikati ya barabara, magari yanakuja mbele na mengine yako nyuma yako. Kwa hivyo chukua karatasi, andika unatoka wapi unaenda wapi, alafu weka alama kila mahali utalazimika kukata kulia au kuvuka barabara kubwa kama Jomo Kenyatta Highway, ile ya Kakamega ama ya Nairobi. Jaribu kupunguza hizo alama, hata kama njia itarefuka kidogo. Pale ambapo huwezi kuepuka, shuka, sukuma baiskeli kama mtembea kwa miguu, ngoja, vuka, panda tena, hakuna aibu yoyote hapo. Na kama unaenda tu kujivinjari na kurudi, zunguka kinyume cha mkono wa saa, hivyo kona zako nyingi zitakuwa za kushoto.

Kwa simu, ukifungua Google Maps usiweke gari, weka ya kutembea kwa miguu, itakuonyesha vichochoro ambavyo gari haipiti, alafu badilisha uone picha ya satelaiti. Hapo tafuta kijani. Barabara yenye miti pande zote mbili, kama nyingi za Milimani, ina kivuli, na kivuli Kisumu si mapambo, jua la saa saba mchana hapa linakuangukia utosini kabisa maana ikweta iko hapo juu tu Maseno. Lakini ramani haikuambii kama daraja la mtaro limevunjika au kama hapo kuna mbwa. Uliza watu, na usiulize mwenye gari. Muulize anayebeba mzigo kwa baiskeli, yule wa maziwa au wa mkaa, mwambie tu, "Omera (yaani ndugu, kwa Kijaluo), ukiwa na mzigo unapitia wapi?" Huyo mtu anajua kila mwinuko wa huu mji kwa magoti yake, na njia anayopita na kilo hizo zote ndiyo nyepesi kuliko zote. Akina mama wa mboga pia wanajua, "Mama, hii njia inatokea wapi?" na utaelezwa mpaka mahali maji husimama mvua ikinyesha.

Sasa saa. Hapa ndipo wengi hawaangalii kabisa, na njia moja inaweza kuwa tamu saa kumi na mbili asubuhi na iwe mateso saa kumi na moja jioni. Mchana upepo huwa unatoka ziwani kuja nchi kavu, kwa hivyo ukitoka alasiri anza kwa kuelekea ziwani ukiwa na nguvu, upepo ukupige usoni, alafu ukirudi unakusukuma mgongoni. Jua nalo, jioni ukielekea magharibi linakuingia machoni, na dereva aliye nyuma yako linamuingia vilevile, hakuoni, kwa hivyo hiyo saa usiwe kwenye barabara ya kwenda Busia upande wa airport na Otonglo, isitoshe kule kuna malori na matanki ya mafuta ya kwenda Uganda. Mvua ya huku hupenda kuja alasiri na radi, hasa Machi mpaka Mei, kwa hivyo miezi hiyo tembea asubuhi.

Njia ambayo ningempa mtu anayeanza ni hii. Toka katikati ya mji uingie Milimani, usishuke ziwani kwa Obote Road maana hiyo ni ya godauni na malori. Milimani pita zile barabara za ndani zenye miti, shuka mpaka Impala Sanctuary, ile hifadhi ya wanyama, endelea Hippo Point, alafu fuata barabara ya kando ya ziwa mpaka Dunga, ufuo wa wavuvi. Kurudi usirudi ulikotoka, toka Dunga uingie Ring Road ya Nyalenda, upite Pand Pieri, urudi mjini. Ukiangalia kwa ramani utaona umezunguka kinyume cha mkono wa saa, alasiri ukirudi upepo uko mgongoni na jua pia liko mgongoni. Nyalenda kuna watu wengi barabarani, watoto, wauza samaki, mikokoteni, kwa hivyo pale unaenda polepole na kengele, lakini kwangu hiyo bado ni raha kuliko kukimbizana na matatu.

Kitu kimoja cha kuangalia Kisumu ni tuktuk. Ziko nyingi na zinasimama popote abiria akipiga kelele. Usiangalie indiketa, angalia ile tairi moja ya mbele. Tuktuk ikiwa imesimama kando na ile tairi imeanza kupinda kuelekea barabarani, hiyo inatoka sasa hivi hata kama dereva anaongea na mtu upande ule mwingine, shika breki. Na ukipita kando ya magari yaliyosimama acha nafasi ya mlango kufunguka.

Udongo mweusi pia usiudharau. Kwa ramani unaona shotikati nzuri ya vumbi, kiangazi inapitika vizuri sana, lakini ikinyesha ule udongo unashika tairi, unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka kabisa, inabidi uchokoe na kijiti kila hatua kadhaa alafu mwishowe unaibeba baiskeli begani. Kwa hivyo kila njia yako iwe na pacha wake wa lami wa siku za mvua. Wa Mamboleo na Kibos nao waangalie trela za miwa, mabua huanguka barabarani na tairi nyembamba ikikanyaga bua inateleza.

Ukishapanga, ijaribu siku na saa ile ile utakayokuwa unaitumia. Watu hujaribu Jumapili asubuhi wanaona barabara tupu wanafurahi, Jumatatu wanapata kitu kingine kabisa, na kwa upande mwingine Jumapili ndiyo siku ya soko kubwa Kibuye, kwa hivyo ukipita hapo utadhani haipitiki kamwe. Ukiwa njiani weka akilini fundi wa pancha yuko wapi, kwa kawaida atakuwa chini ya mti na pampu imesimama kando, na umjue kabla hujamhitaji.

Kama ni mara ya kwanza kwenda Dunga jioni, beba kufuli, keti ule samaki, lakini kufika saa kumi na mbili kamili uwe umeshapanda baiskeli. Jua huku linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, na likizama giza linaingia haraka, hatuna ile jioni ndefu. Taa nyekundu ya nyuma iwashe ukitoka tu Dunga, usingoje mpaka uhisi unaihitaji.