Somo: Kuchapa animesheni ya picha 12 kwa skrini, mashua ya dagaa na taa yake

Ukichapa fulana kwa skrini (wavu uliokazwa kwenye fremu, rangi inasukumwa kupita matunduni) rangi ya pili ikahama milimita 1, mteja anavaa na kuondoka. Kwenye animesheni kosa hilohilo halifichiki. Boksi la picha tunalotumia hapa lina upana wa sm 12.8, na likijaza video ya pikseli 1920, kila milimita ya karatasi ni pikseli 15. Taa ya mashua ikihama kiasi hicho kila karatasi, kwa kasi ya picha 12 kwa sekunde, itarukaruka kama nzi. Kwa hiyo nguvu nyingi ya mradi huu inaenda kwenye kulengesha, yaani kuangusha kila rangi mahali pake kwenye kila karatasi. Uzuri wa rangi unafuata nyuma.

Mfano ni mashua ya usiku, mtu anapiga kasia, taa inawaka. Rangi ni mbili: njano ya taa na nyeusi ya mistari. (Usiweke mwezi mpevu nyuma. Watu wa Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma, watacheka, kwani mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavutwi na taa.)

Hatua ya 1: Michoro

Toboa karatasi zote kwa pancha ya ofisi ya matundu mawili. Matundu hayo yana umbali wa sm 8 katikati kwa katikati na upana wa mm 6, hivyo vipande viwili vya chuma laini cha mm 6 vilivyosimamishwa kwenye ubao vinashika kila karatasi mahali pamoja. Chora juu ya kioo chenye taa chini, ndani ya boksi la sm 12.8 kwa 7.2.

Anza na picha ya 1 (kasia mbele kabisa) na ya 7 (kasia nyuma kabisa), kisha ya 4 na ya 10, ndipo ujaze zilizobaki. Kosa linalorudiwa na karibu kila darasa ni kuifanya picha ya 12 ifanane na ya 1. Video ikirudia kutoka mwanzo, picha moja inaonekana mara mbili na kasia linakwama. Picha ya 12 iwe hatua moja *kabla* ya ile ya 1.

Mashua na taa zisisogee. Kasia, mikono na mawimbi ndivyo visogee. Taa ikitulia, skrini moja ya njano inatosha picha zote 12, badala ya skrini tatu.

Hatua ya 2: Pozitivu

Pozitivu ni mchoro mweusi kwenye plastiki angavu, unaozuia mwanga usipite kwenye skrini. Karatasi moja ya A4 iliyolala inabeba maboksi manne, mawili juu na mawili chini. Picha 12 ni A4 tatu za nyeusi, na moja ya njano yenye taa nne. Kila boksi liwe na alama mbili za msalaba, kushoto na kulia, nje ya mchoro. Chora misalaba kwenye karatasi ya mwanzo iliyotobolewa, uinakili kwa kila picha kupitia matundu yaleyale. Ukiiweka kwa macho baadaye, umeharibu kila kitu kilichotangulia.

Umbo la njano lipanue nusu milimita ili liingie chini ya mstari mweusi. Stesheneri wakikuchapia kwenye plastiki angavu kwa printa ya leza, weusi wake mara nyingi unapitisha mwanga. Chapa mbili, zipandanishe, bana kwa selotepu.

Hatua ya 3: Fremu na emalsheni

Fremu ya mbao iwe na nafasi ya ndani sm 35 kwa 50. Ukiweka A4 katikati unabaki na sm 10 kila mwisho, pa kupumzikia rangi. Wavu uwe wa nyuzi 77 kwa sentimita. Wa nyuzi 43 ni wa fulana, unamwaga rangi nyingi mno kwa karatasi. Uvute mpaka ukiugonga kwa kidole ulie kama ngoma. Wavu uliolegea unaburuzwa na skwiji (kibao cha mpira cha kuvutia rangi), na taa inahama bila wewe kuelewa kwa nini.

Osha kwa sabuni ya vyombo, kausha. Paka emalsheni ya diazo (dawa inayoganda ikipigwa na mwanga) mkono mmoja kila upande, chini ya balbu ya njano, kisha laza fremu gizani, upande wa kuchapia (unaogusa karatasi) ukiangalia chini, feni ikipuliza. Kiangazi saa mbili tatu zinatosha. Kuanzia Novemba mvua zinaposhika, iache usiku kucha. Emalsheni yenye unyevu haigandi hata ikae juani vipi.

Hatua ya 4: Jua

Hapa Kigoma tuko magharibi mwa nchi lakini saa zetu ni za Tanzania nzima, hivyo jua liko juu kabisa karibu saa 7 mchana, si saa 6. Fanya kazi kati ya saa 6 na saa 8, siku isiyo na mawingu ya kupita.

Usikisie muda wa kuanika juani. Chukua fremu ndogo ya majaribio, weka pozitivu na kioo juu, funika yote kwa kadibodi, kisha ifunue sehemu kwa sehemu kila sekunde 20 mpaka upate mistari sita, ya sekunde 20 hadi 120. Osha kwa maji. Mstari ulioondoka wote umepata mwanga mdogo. Ule ambao michoro yake imeziba umepata mwingi. Chagua muda mfupi zaidi ambao emalsheni imeshika na upande wa ndani hauna utelezi.

Kwenye fremu yenyewe panga hivi kutoka chini: sponji, kitambaa cheusi, fremu upande wa kuchapia ukiwa juu, pozitivu iliyogeuzwa, kioo cha mm 4. Pozitivu isipogusa wavu vizuri, mwanga unapenya pembeni na mistari ya kasia inakonda.

Hatua ya 5: Kuchapa

Funga fremu kwa bawaba mbili kwenye ubao. Bawaba zikicheza, tafuta nyingine. Chini ya fremu weka vipande vya kadibodi ili wavu uwe juu ya karatasi kwa mm 2 hadi 3. Gundisha vizuizi vitatu vya kadi nyembamba: viwili upande mrefu, kimoja upande mfupi. Karatasi inasukumwa ivigonge vyote vitatu, na kona ileile ndiyo inayotangulia kwa rangi zote mbili. Iwekee alama ya penseli.

Tumia manila nyeupe ya gramu 200. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 inajikunja kwa rangi ya maji, na iliyojikunja hailengeki.

Njano kwanza, karatasi zote. Kila A4 ya picha inahitaji nakala 3 nzuri, jumla 9, hivyo chapa 15. Nakala tatu hazifanani punje za rangi, na ukizipokezanisha kwenye video mchoro unapata uhai ambao kompyuta haitoi. Njano ikikauka kabisa, weka nyeusi. Vuta skwiji mara moja tu, kwa mkandamizo uleule, kisha inua fremu na usambaze rangi juu ya wavu bila kukandamiza ili isikauke matunduni.

Hatua ya 6: Kuskani

Usikate maboksi. Skani A4 nzima kwa dpi (nukta kwa inchi) 400. Boksi linatoka na upana wa pikseli 2016, linatosha video ya 1920. Kwa dpi 300 unapata 1512 tu. Kwenye programu ya Krita au GIMP panga kila picha kwa misalaba yake. Hapo nyeusi iliyohama inarekebishika. Njano iliyoachana na nyeusi hairekebishiki, maana ziko karatasi moja.

Video iwe ya fremu (picha za video) 24 kwa sekunde, kila picha ikae fremu mbili. Programu nyingi zinaanza na 30, na 30 haigawanyiki kwa 12. Mwendo utakuwa wa kuchechemea.

Maswali ya wanachama, kwa majina ya mahali walipo

*Kasulu:* Shikamoo mwalimu. Plastiki angavu huku haipatikani. Nimesikia karatasi ya kawaida ikipakwa mafuta inapitisha mwanga. Mawese yanafaa?

Marahaba. Mbinu ni sahihi, mafuta siyo. Wekundu wa mawese unazuia mwanga uleule unaogandisha emalsheni. Tumia alizeti, paka nyuma, futa yaliyozidi, na ufanye jaribio upya kwa sababu muda utaongezeka.

*Ujiji:* Nyeusi inaanza vizuri, karatasi ya sita mistari inakatika. Nimeongeza maji, sasa inavuja.

Maji yameifanya nyepesi bila kuizuia kukauka. Weka gliserini ya duka la dawa, kijiko kimoja cha chai kwa mililita 100 za rangi, usizidishe, la sivyo karatasi zitanata siku nzima. Chapa mbali na feni.

*Mwanga:* Tunataka usiku kweli. Tukitumia manila ya bluu?

Njano ya maji juu ya bluu itatoa kijani. Labda upate rangi nzito isiyopenya, au ubaki na nyeupe na ugeuze rangi ya karatasi kwenye kompyuta.

*Kibondo:* Tuna fremu mbili tu, na skrini ni nne.

Moja ibaki ya njano mpaka mwisho. Ya pili ifutwe mara mbili: ondoa rangi yote kwanza, paka jiki pande zote, subiri dakika chache, sugua kwa brashi laini, osha kwa maji mengi. Vaa glavu, fanyia nje, na usiiache ikauke ikiwa na jiki. Ukishaipaka upya, usilenge kwa macho. Chapa nyeusi kwanza juu ya plastiki iliyobandikwa ukingo mmoja kwenye ubao, ingiza karatasi ya njano chini yake, isogeze mpaka taa iingie kwenye mstari, kisha hamisha vizuizi vitatu viiguse hapo ilipo.