SOMO: Umefuta kache ya Django, ukurasa bado wa zamani

Swali hili linarudi kila mara kwa wanaojenga tovuti kwa Django (mfumo wa Python), basi jibu lake likae hapa. Kache ni nakala zilizotunzwa ili ukurasa uje haraka.

1. Ita ukurasa mara kadhaa kwa curl -i (amri ya terminal, haitumii kache ya brauza). Ukija mpya kila mara, seva yako ni nzima. Brauza ndiyo inang'ang'ania nakala yake. cache_page, kipengele cha Django cha kutunza ukurasa mzima, huiagiza brauza iitunze mpaka muda uishe.

2. Washa upya Gunicorn (seva inayoendesha programu yako). Kufuta __pycache__ (folda ya kodi ya Python iliyokwishatafsiriwa) peke yake hakubadilishi kitu kwa programu ambayo tayari inakimbia.

3. Soma CACHES kwenye settings.py. Hapa tulia. Usipoandika kitu, Django hutumia LocMemCache (kache ya kwenye kumbukumbu ya kompyuta), na kila prosesi, yaani kila nakala ya programu inayokimbia, hutunza ya kwake. Gunicorn yenye prosesi 4 ina kache 4 zisizojuana. Ukiingia manage.py shell ukaandika cache.clear(), umefuta ya tano, ya hiyo shell, ambayo ilikuwa tupu. Ndiyo maana ukurasa unakuja mpya, ukiuita tena unakuja wa zamani. Hamia Redis au Memcached, hifadhi moja inayotumiwa na prosesi zote.

ONYO: Kwa Redis iliyomo ndani ya Django tangu toleo la 4.0, cache.clear() hutuma FLUSHDB. Inafagia hifadhi nzima (Redis hugawa hifadhi zake kwa namba, /0, /1 na kuendelea), na KEY_PREFIX (kiambishi cha majina ya kache) haikukingi. Kama sesheni (kumbukumbu za walioingia) zimo humo, watumiaji wote watatakiwa kuingia upya. Kama foleni ya Celery (programu ya kuendesha kazi za nyuma) imo humo, kazi zinazosubiri zimepotea. Tenganisha: foleni /0, kache /1. Ukitaka kuondoa kitu kimoja, cache.delete() inatosha.

MASWALI

– Mkuu nimefanya yote, imegoma.
– Yote yapi? Weka CACHES yako na majibu ya curl.

– Nimefanya clear, wateja wote wametolewa nje. Msaada wa haraka!
– Soma ONYO. Sesheni zilizofutwa hazirudi, waingie upya.

– Kiongozi, redis-cli DEL habari inanipa 0, na najua ipo.
– Umechunguza vizuri. Django huongeza kiambishi na toleo, kwa hiyo, kiambishi kikiwa tupu, jina kamili ni :1:habari. Na kama kache iko /1, anza na redis-cli -n 1.

– Je, @lru_cache nayo inafutika hapo?
– Hapana, hiyo ni kache ya Python yenyewe, hutunza majibu ya funksheni. Kuifuta, ita cache_clear() ya funksheni husika, nayo hufuta kwenye prosesi hiyo tu. Bei au salio usiviweke humo kabisa.

– Na CSS inayogoma kubadilika?
– Tumia ManifestStaticFilesStorage, kisha endesha collectstatic (amri ya kukusanya mafaili ya CSS na mengine). Faili likibadilika, jina linabadilika, brauza inalazimika kulichukua upya.